Joko Lililofungwa Ulimi

Joko lilionja mvuke wa kwanza dakika ya nne, kama kawaida yake. Nyuma ya kioo, mkate wa sinia wa Bi Mwantumu ulikuwa umeanza kuumuka vizuri, pembeni ukishika rangi, juu ukitoboka vitundu vidogo vidogo. Ndani ya ukuta wa chuma, kipande chembamba cha madini kisichozidi upana wa kucha, ambacho mafundi wanakiita ulimi, kilikuwa kikipima kila kilichomo ndani ya mvuke ule: unga wa mchele, tui, iliki, hamira, sukari. Joko likapunguza moto wa chini na kuongeza wa juu bila mtu kuligusa. Tanga nzima ya mwaka 2091 hakuna aliyekuwa bado anachoma mkate kijiti kuona kama umeiva. Joko-tambuzi lilijua lenyewe, na likikosea liliomba radhi kwa namba.

Dakika ya tisa likazima. Kwenye kioo ikawaka namba nyekundu: U-14.

Mwantumu aliitazama namba ile mikono ikiwa kiunoni. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya siku kumi. Mkate ukaanza kunywea mbele ya macho yake, ukawa bapa, ukakauka ukingoni. Na mara zote tatu ilikuwa zamu yake.

Sasa hapo ndipo penye maneno. Bi Mwantumu hakuwa mtu wa kuchekwa na joko. Alikuwa fundi wa majoko kwa miaka thelathini, na namba zote mia mbili na sita za hitilafu alikuwa nazo kichwani kama mtu anavyojua majina ya wajukuu wake. Zinazoanza na J ni za joto, zinazoanza na M ni za mlango, zinazoanza na U ni za ulimi. U-14 maana yake ulimi mchafu, hausomi. Mtoto wa kujifunza kazi huitibu kwa siki na kitambaa. Watu wa Ngamiani mpaka Chumbageni walimwita yeye kabla ya kufikiria kituo cha kampuni, kwa sababu kituoni unangoja wiki, na Mwantumu anakuja na mkoba wake siku hiyo hiyo. Halafu fundi huyo huyo joko la nyumbani kwake limgomee. Mganga hajigangi, wangesema watu, na wangesema kwa furaha.

Lakini si hilo lililomchoma. Kilichomchoma ni kwamba joko lilimgomea yeye tu. Siku za Hidaya lilipika kimya, tena kwa adabu.

Hidaya alikuwa mke mwenzake. Mbwana, mume wao, alimwoa miaka sita iliyopita, baada ya binti pekee aliyezaa na Mwantumu, Riziki, kwenda kufanya kazi kwenye kituo cha Mwezini na nyumba kubaki na mwangwi. Mwantumu hakulia siku ile. Alisema, "Haya, Baba Riziki, oa," na tangu siku ile hakuna aliyemwona akicheka vizuri ndani ya nyumba ile. Walikaa ua mmoja, kila mke na upande wake, na jiko moja katikati, maana umeme wa mtaa uligawiwa joko moja kwa kila nyumba. Siku mbili za Mwantumu, siku mbili za Hidaya. Mke mwenye zamu ndiye anayeweka kiganja juu ya joko likamtambua, ndiye anayepika, na Mbwana hula kwake na kulala kwake.

Na Mbwana, tuseme kweli, alijua kugawa. Alikuwa msimamizi wa roboti arobaini za kukata mkonge kule Muheza, na kwake nyumbani alipima mambo kwa uangalifu ule ule. Akinunua kanga alinunua doti mbili. Akila sahani nzima kwa huyu, hata awe ameshiba hadi shingoni, kesho kutwa alikula sahani nzima kwa yule. Majirani walimsifu kwa haki yake. Mwantumu aliichukia haki hiyo kuliko kitu chochote, kwa sababu huwezi kuinung'unikia.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu ambacho hakikugawiwa, nacho ni mkate wa sinia. Mwantumu aliupika wiki ya kwanza ya ndoa yao, akiwa na miaka ishirini na mbili, na Mbwana aliula akiwa amefumba macho. Hidaya hakuwahi kuupika. Kwa miaka sita ule mkate ulikuwa ndiyo njia ya Mwantumu ya kusema mimi ndiye wa kwanza, na kila Mbwana alipokata kipande, Mwantumu alikaa mbele yake akamtazama akila.

Na leo joko, kifaa anachokijua kuliko anavyojijua, linauzima njiani.

Alilivuta kutoka ukutani, akafungua mgongo wake, akauchomoa ulimi. Ulikuwa safi. Akausafisha hata hivyo, kwa siki, kisha kwa spiriti, akaurudisha. Akajaribu maji matupu yanayochemka, joko likayasoma. Akajaribu kipande cha changu, joko likamchoma changu mpaka akaiva. Akakoroga kikombe kimoja tu cha unga wa mkate, akautia ndani. Dakika ya tisa, U-14. Akatoa ulimi mpya kutoka kwenye mkoba, ule anaowawekea wateja, akaufunga. U-14.

Fundi mwenye akili iliyotulia angesimama hapo. Samaki amepita, maji yamepita, mkate umekataliwa. Basi ugonjwa hauko kwenye ulimi, uko kwenye kitu kilichomo ndani ya mkate, na swali linalobaki ni nani amelikataza joko, na kwa nini. Mwantumu alilifikia swali la kwanza akaridhika nalo. La pili hakulifikia kabisa. Wivu una namna hiyo, ukipata jina la mtu haujali tena sababu.

Hidaya alikuwa upande wake, akipiga pasi magauni ya wateja wake. Alipomwona bi mkubwa mlangoni aliiweka pasi chini haraka.

"Shikamoo, dada. Karibu."

"Marahaba. Umelifanya nini joko?"

"Mimi? Sijalifanya kitu."

"Mbona kwako linapika?"

Hidaya alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, mpole wa sauti, na upole wake ulimkera Mwantumu kuliko matusi. Alitazama pasi, akatazama mlango, kana kwamba kuna mtu nje anayemngoja aondoke.

"Dada," alisema taratibu, "labda tuuache mkate kwa muda. Upike ndizi, au mihogo. Mkate una sukari nyingi."

"Alaa! Leo wewe ndiye wa kunifundisha mkate?"

"Sikufundishi."

"Haya. Njoo uweke kiganja chako. Pika mkate wa sinia kwa zamu yako, nami nitasimama pale nitazame namba. Kama ni ulimi, utakugomea na wewe."

Hidaya akatikisa kichwa. "Sijui kuupika."

"Nitakukorogea mimi."

"Hapana, dada. Nisamehe."

Mwantumu alirudi jikoni na uhakika kamili kifuani. Kikulacho ki nguoni mwako. Msichana amekaa na joko akalifundisha kuukataa mkate, ili ile njia moja iliyobaki nayo iingizwe kwenye mgao. Na hakuwa na jeuri hata ya kukataa vizuri.

Kuna kazi ndogo ambayo mafundi wa mtaani huifanya, na vitabu vya kampuni haviitaji. Huitwa kulifunga joko ulimi. Unachukua waya mwembamba kama unywele, unaunganisha pini ya pili na ya tano nyuma ya ulimi, na tangu hapo joko linaamini kwamba kila linachoonja ni maji safi. Halijui tena mwisho wa wali wala mwanzo wa samaki, inabidi upike kwa macho kama bibi zetu, lakini haligomi. Mwaka ule, sijui kwa nini, U-14 ilikuwa imeenea mjini kama mafua, na Mwantumu alikuwa amewafungia wateja kumi na mmoja. Wote walimshukuru. Alilifunga na la kwake, akarudisha mgongo na kukaza skrubu nne.

Jioni ile mkate ulitoka umeumuka, rangi ya dhahabu, ukinukia iliki mpaka barabarani. Aliuandaa barazani, mahali ambapo Hidaya angepita. Na Hidaya alipita, akauona. Akasimama. Akamtazama Mbwana, na Mbwana akamtazama yeye. Jicho moja tu, fupi, la watu wawili wenye jambo lao, kisha Hidaya akaenda zake akiwa ameshika mdomo.

Mwantumu aliliona jicho lile. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, na hakumbuki lini Mbwana alimtazama namna ile, kama mtu anayekuomba usiseme.

"Joko limepona?" Mbwana aliuliza.

"Limepona. Ulidhani halitapona?"

"Nani angedhani hivyo," alisema, na akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekumbuka kitu alichokuwa amekisahau. Akaushika mkate, akakata kipande. Akautazama. Kisha akamtazama Mwantumu, ambaye alikuwa ameshakaa mbele yake, kidevu mkononi, akingoja. Akala. Alikula vipande vitatu.

Tangu hapo Mwantumu aliupika kila zamu, wiki sita mfululizo. Aliongeza sukari, kijiko kwa kijiko, kwa sababu kila alipouona uso wa Hidaya ukisawijika uani, alijua mkate unafanya kazi. Mara moja Hidaya alimfuata hadi jikoni, akasema, "Dada, nakuomba kwa Mungu, uache," macho yamejaa machozi, na Mwantumu akamjibu kwamba machozi ya mke mwenza ni chumvi ya mboga. Alijisikia vizuri siku nzima. Mbwana alipungua mwili kidogo, akawa anakunywa maji mengi, anainuka inuka. Mwantumu aliyaona hayo pia, akajiambia kule kwa Hidaya hapikiwi vizuri.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, roboti arobaini zilisimama katikati ya shamba la mkonge Muheza, visu vikiwa hewani. Zimeundwa kusimama msimamizi wao asipojibu wito mara tatu. Walipomfuata walimkuta amelala kati ya mistari ya mkonge, kinywa kikavu, anapumua kama mtu aliyekimbia.

Hospitalini, Daktari Shemzigwa, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliwaweka wake wote wawili kwenye chumba kidogo chenye viti vitatu.

"Yuko hai," alisema kwanza. "Ameshazinduka, ametundikiwa maji. Lakini chipukizi limekufa."

"Chipukizi gani?" Mwantumu aliuliza.

Daktari alimtazama, kisha akamtazama Hidaya, kisha akaelewa, na ikaonekana anatamani asingeelewa.

"Mumewe... mumeo ana kisukari, mama. Tangu mwezi wa tatu. Tulimpandia chipukizi la kongosho. Tunalikuza kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe, tunalipanda kwa sindano, halafu kwa siku tisini linajifunza kazi. Siku hizo sukari ikipanda mno linaungua. Likizivuka, mtu amepona, anakula anachotaka. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na moja. Vipimo vilipobadilika tulimpigia simu mara mbili. Alisema ni chai ya msibani. Tukaamini, kwa sababu joko lenu lina zuio. Tuliliweka sisi siku ile ile. Likionja sukari kupita kiasi linazima."

"Linaandika nini likizima?" Mwantumu aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"U-14."

"U-14 ni ulimi mchafu."

"Zamani. Kuna sheria ya siri ya mgonjwa, mama. Jikoni wanaingia majirani, wanaingia wageni. Joko haliwezi kuandika kiooni kwamba fulani anaumwa. Kwa hiyo watengenezaji walichagua namba ya kawaida, isiyomshtua mtu, na tangu mwaka jana zuio linajificha nyuma yake. Mafundi wa kituo wameambiwa."

"Na sisi wa mtaani?"

Daktari alikuwa ameiona mikono ya Mwantumu, yenye makovu madogo ya kuungua kwenye vidole, na sasa alikuwa anaelewa jambo la pili.

"Ni mimi niliyeufunga ulimi," Mwantumu alisema. Akageuka kwa Hidaya. "Wewe ulijua."

"Nilitia saini. Alihitaji shahidi mmoja wa nyumbani." Hidaya alikuwa analia bila sauti. "Alinilisha yamini, dada. Nikisema, nimevunja kiapo. Nikinyamaza, nakuona unamlisha. Nikakuomba kwa Mungu."

"Uliniomba," Mwantumu alikubali. Na hata pale, Mungu amsamehe, hata pale kwenye kiti kile cha hospitali, kitu cha kwanza kilichomuuma hakikuwa chipukizi wala siku thelathini na moja. Kilichomuuma ni kwamba palihitajika shahidi mmoja wa nyumbani, na Mbwana alikuwa na wawili wa kuchagua.

Mwantumu aliruhusiwa kuingia kwanza. Hidaya mwenyewe ndiye aliyesema, nenda dada, ni zamu yako.

Mbwana alikuwa ameegemea mto, amekuwa mdogo kuliko alivyoondoka nyumbani. Aliponyoosha mkono, Mwantumu aliupokea.

"Miaka minne kungoja chipukizi lingine," Mbwana alisema. "Na figo zangu wanasema hawana hakika nazo. Usijilaumu. Mdomo ulikuwa wangu."

"Kwa nini hukukataa kula?"

"Ulikuwa unanitazama." Alivuta pumzi. "Mama Riziki, tangu nimwoe yule, kuna siku ngapi unaniangalia usoni? Siku za mkate tu. Nikasema, siku tisini si nyingi. Joko litakataa kwa niaba yangu, wewe utaligombeza joko, mimi nitakuwa salama, na zikiisha nitaula mpaka unifukuze. Nilifikiri nimepanga vizuri." Akatabasamu kwa shida. "Nikasahau nimemwoa nani."

"Ukalituma joko liniambie."

"Nililituma likuzuie. La kukuambia sikulipata."

Mwantumu alipitisha kidole gumba juu ya mishipa ya mkono ule. Lilikuwepo swali, na alijua kwamba asingeliuliza angekuwa mwanamke mwenye hekima. Aliliuliza.

"Siku ulipozidiwa mara ya kwanza, ulikuwa wapi?"

"Kwa Hidaya. Nilianguka mlangoni kwake."

"Kama ingekuwa zamu yangu?"

Mbwana alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila kitu, akipima.

"Kwako ningejikaza," alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana lilimwingia lote. Mwantumu aliinuka, akamfunika shuka hadi kifuani, akatoka na kumwambia Hidaya aingie, akae naye, yeye ana kazi nyumbani. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alimpa zamu yake mtu mwingine.

Alasiri alilivuta joko kutoka ukutani. Alifungua skrubu nne, akaukata waya. Akatia kikombe kimoja cha unga wa mkate uliobaki asubuhi, akaweka kiganja, akasimama kungoja. Dakika ya tisa joko likazima. U-14, ikawaka nyekundu, isiyomshtua mtu. Alikaa chini sakafuni mbele ya namba ile akalia, na hakulilia figo za Mbwana peke yake. Alililia neno lile pia, ningejikaza. Aliwaza kwamba joko lilimjua mumewe kwa mvuke tu, na kwamba yeye alikuwa amelifunga ulimi.

Ndipo akawakumbuka wale kumi na mmoja.

Hakuhitaji kuandika popote. Nyumba za wateja alizijua kama namba zake: mbili Makorora, nne Ngamiani, moja Usagara, tatu Chumbageni, moja Mikanjuni. Katika kila nyumba kulikuwa na mwanamke aliyemshukuru, na waya mwembamba nyuma ya ulimi. Akafuta uso kwa upindo wa kanga, akampigia wa kwanza, Mama Chande wa Makorora, mwalimu, mke wa pekee wa mume wake, mwenye maneno mengi na kicheko cha haraka.

"Fundi wangu. Joko linakwenda vizuri, visheti vinatoka kama maua."

"Mama Chande, nisikilize. Usipike kitu tena leo. Kuna mtu hapo nyumbani kwako amekatazwa chakula fulani na daktari. Sukari, chumvi, sijui. Ni nani?"

"Hapa?" Mama Chande alicheka. "Hapa hakuna mgonjwa, fundi."

"Muulize mume wako."

Mwantumu alisikia kijiko kikiwekwa mezani. Aliijua sauti itakayofuata kabla haijaja. Alikuwa nayo mwenyewe asubuhi ile, na miaka yote sita kabla yake.

"Hakuna kitu kama hicho," Mama Chande alisema, polepole, cheko limemtoka. "Kingekuwepo, ningekuwa nimeambiwa mimi wa kwanza."

"Nakuja," Mwantumu alisema, na akanyanyua mkoba wake wa vifaa.